Lori Kuukuu la Kuvuta Magari: Njia za Bei Nafuu za Kuliongezea Nguvu

Lori likiharibika kati ya Lodwar na Kakuma, msaada hutoka mbali. Miji hiyo miwili imetenganishwa na kilomita karibu 120 za barabara ya A1, na uharibifu mkubwa wa injini au giaboksi mara nyingi humaanisha gari livutwe hadi Kitale, safari ya karibu kilomita 300 kutoka Lodwar. Kazi hiyo hufanywa na malori ya kuvuta magari, yale yanayoitwa brekidauni. Mengi kati yake ni malori ya zamani yaliyoondolewa bodi na kufungwa winchi na mkono wa kuinulia: Mercedes-Benz 1113, Bedford, Isuzu za miaka ya 1990, na kwa kazi ya magari madogo, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ.

Malalamiko ya wenye malori haya hufanana. Lori lilikuwa na nguvu, sasa halipandi. Fundi wa kwanza anayeulizwa hutoa jawabu rahisi: afungue skrubu ya pampu, aongeze dizeli. Moshi mweusi hutoka, lori huchangamka kwa wiki kadhaa, kisha siku moja injini huungua ikiwa na gari la mtu nyuma yake. Somo hili linaeleza kwa nini hilo hutokea, na ni wapi nguvu ya bei nafuu hupatikana kabla ya kufika kwenye skrubu hiyo.

Mlima unahitaji nguvu kiasi gani?

Injini ya OM352 iliyo kwenye Mercedes-Benz 1113 ina silinda sita, ujazo wa lita 5.7, na ilipotoka kiwandani bila tabo ilitoa nguvu za farasi 130. Tuseme lori la kuvuta lina uzito wa tani 9, na gari linalovutwa, pamoja na mzigo wake, lina tani 15. Jumla ni tani 24. Kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, uzito huo hurudisha gari nyuma kwa nguvu ya karibu tani 1.4. Ongeza ukinzani wa magurudumu juu ya lami, ambao ni kama asilimia 1 ya uzito, na jumla inakaribia tani 1.7 ambazo magurudumu ya nyuma ya brekidauni lazima yazishinde muda wote wa mlima.

Sasa hesabu ya farasi. Kati ya zile 130, karibu moja ya tano hupotea kwa sababu ya hewa nyepesi ya joto na mwinuko, jambo linaloelezwa hapa chini. Giaboksi, shafti na difu hula nyingine. Magurudumuni hufika farasi kama 91, na kwa hizo msafara wa tani 24 hupanda mlima huo kwa mwendo wa kilomita karibu 15 kwa saa. Hiyo ni injini nzima, isiyo na kasoro.

Fundi akifanikiwa kuongeza nguvu kwa asilimia 15, mwendo utapanda hadi kilomita kama 17 kwa saa. Kwenye mlima wa kilomita 10, dakika 40 zitakuwa 35. Hizo dakika tano ndizo faida yote, na mwenye lori hana budi kuziweka kwenye mizani pamoja na bei ya pistoni sita. Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: gari linalovutwa likipunguzwa mzigo wa tani 3, yaani magunia 60 ya kilo 50, msafara hupanda kwa mwendo uleule wa kilomita 17, bila spana kugusa injini. Kuhamishia magunia hayo kwenye lori jingine pale Lodwar ni kazi ya vijana wachache na asubuhi moja.

Hewa ya Turkana

Injini ya dizeli haiishiwi dizeli, huishiwa hewa. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote, zinahitajika kilo 14.5 za hewa, na ili iungue bila moshi ndani ya silinda, fundi huhesabu kilo 18 hadi 20 au zaidi. Dizeli inayozidi hapo haina cha kuichoma. Hutoka kama moshi mweusi, na njiani huacha joto kwenye pistoni, valvu na ekzosi.

Lodwar iko mita 500 hivi juu ya bahari, na mchana wa nyuzijoto 38 hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko hewa ya pwani ya nyuzijoto 15 ambayo watengenezaji hutumia kupimia injini. Kitale, kwa mita zake 1,900 hivi, ina hewa nyepesi zaidi hata ikiwa na baridi: upungufu wa asilimia 22 hivi. Kwa hiyo lori linalovuta gari kutoka Turkana kwenda Kitale hupoteza nguvu kadiri linavyopanda, na sehemu ngumu zaidi, kutoka Marich kupanda kuelekea Kapenguria, ndipo injini inapokosa pumzi. Skrubu ya pampu iliyofunguliwa Kakuma na kuonekana inafaa, itatoa moshi mzito Kapenguria. Dereva hulaumu mlima.

Ndani ya chumba cha injini hali ni mbaya zaidi. Injini ikivuta hewa kutoka nyuma ya rejeta, ambako joto hufika nyuzi 65, inapata hewa pungufu kwa asilimia 8 kuliko ile ya nje ya nyuzi 38. Malori mengi ya zamani yalikuja na bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu ya kebini. Likivunjika, mafundi huliondoa na kuacha filta ivute humohumo ndani ya moto. Kulirudisha, au kutengeneza jingine la bati na mpira mnene wenye kipenyo kilekile, ni kazi ya mchomeleaji wa jua kali ya nusu siku. Hakuna njia ya bei ndogo kuliko hiyo ya kupata farasi kadhaa, na bomba la juu huvuta vumbi kidogo pia.

Kurudisha kilichopotea

Kabla ya chochote kuongezwa, inafaa kujulikana ni kiasi gani kimepotea. Njia rahisi ni kuchagua kipande kimoja cha barabara chenye mwinuko, lori likiwa na mzigo uleule, na kupima kwa saa ya simu muda linaotumia kutoka alama moja hadi nyingine kwa gia moja. Matokeo huandikwa kwenye daftari pamoja na saa ya mchana na joto. Baada ya kila matengenezo, kipimo hurudiwa. Bila daftari hilo, kila fundi atasema lori limechangamka, na kila mwenye lori ataamini kwa kuwa ameshalipa.

Ukaguzi huanza na pedali. Mtu mmoja hukanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, na mwingine hutazama mkono wa pampu kama umefika kwenye kizuizi chake. Kebo iliyolegea, zulia lililokunjika chini ya pedali, au fimbo iliyopinda, huacha mkono huo njiani. Lori lenye kasoro hii huwa halijawahi kupewa mafuta yote kwa miaka, na dawa yake ni kukaza nati mbili.

Kisha breki ya ekzosi. Malori mengi ya Isuzu na Fuso yana kifuniko ndani ya bomba la ekzosi kinachofunga ili injini izuie gari kwenye mteremko. Masizi na kutu hukikwamisha kikiwa kimefunga nusu, na injini hupumua kana kwamba imezibwa mdomo. Kusafishwa na kulainishwa kwake kunarudisha mambo mawili kwa wakati mmoja: nguvu ya kupanda na uwezo wa kushuka. Wengi hukikata na kukitupa. Kwa lori la kuvuta magari hilo ni kosa kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Filta ya hewa katika vumbi la Kakuma huziba upesi, na desturi ya kuipuliza kwa kompresha ina hatari yake. Upepo mkali hutoboa karatasi matundu yasiyoonekana kwa macho, na vumbi linalopita hapo husaga ringi na silinda. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha taa iwekwe ndani yake gizani: panapopenya mwanga, filta itupwe. Malori ya zamani zaidi yenye beseni la oili yana nafuu hapa, maana beseni huoshwa na kuwekwa oili mpya hata njiani, ila oili isizidi alama, la sivyo injini huivuta.

Upande wa dizeli, uchafu hujificha mahali pengi kuliko filta moja: chujio la ndani ya tangi, wavu mdogo kwenye boliti ya kuingilia pampu ya mkono, na mipira ya zamani inayonyonya hewa bila kuvuja dizeli. Kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kikiwekwa kwa muda kabla ya pampu, huonyesha mapovu ya hewa yanayopita. Dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayana ulainisho wa kutosha kwa pampu. Tangu Septemba 2018 serikali iliongeza tozo kwenye mafuta ya taa ili kupunguza uchanganyaji huo, lakini uangalifu bado unahitajika. Na tangi lisiachwe karibu tupu wakati wa kuvuta: dizeli inayorudi kutoka kwenye injini ni ya moto, na ikiwa kidogo, tangi lote hupata joto. Dizeli yenye joto la nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 3 kuliko ya nyuzi 20, na pampu hupima kwa ujazo, haijui uzito.

Kuna nguvu inayopotea baada ya kutoka kwenye injini. Baada ya mwendo wa kilomita chache bila kutumia breki sana, dereva husimama na kusogeza kiganja karibu na kila ngoma ya gurudumu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina breki inayokwaruza au beringi iliyokazwa mno. Klachi nayo hupimwa kwa uvutaji: sauti ya injini ikipanda na mwendo usipande, nguvu inaishia kwenye moshi wa klachi.

Tapeti zirekebishwe kwa kipimo cha mtengenezaji, injini ikiwa katika hali ya joto au baridi kama kitabu kinavyosema. Nozeli zipimwe kwa mashine ya mkono, ambayo fundi wa dizeli yeyote makini anayo. Nozeli inayotiririsha badala ya kunyunyiza huchoma pistoni mahali pamoja, na hutoa moshi mweusi hata pampu ikiwa haijaguswa. Ndiyo maana mtu anayeongeza dizeli kwenye nozeli mbovu huongeza ugonjwa. Wakati wa kudunga dizeli pia hukaguliwa. Ukichelewa, injini huwa nzito, ekzosi huwa ya moto, na moshi mweupe huonekana asubuhi.

Lori lililopitia hatua hizi zote, na ambalo mgandamizo wa silinda zake bado ni mzuri, aghalabu hushangaza mwenyewe. Mara nyingi hadithi huishia hapa na skrubu ya pampu hubaki na lakiri yake.

Rejeta ndiyo mpaka

Kila farasi anayeongezwa huja na joto lake. Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi, na yakitumiwa kwenye rejeta kwa miaka huacha ukoko ndani ya mirija. Rejeta huonekana nzima kwa nje huku robo ya mirija yake imeziba. Ioshwe kwa mtu mwenye ujuzi, ijazwe maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, na mapezi yake yasafishwe vumbi na mbegu za majani kwa maji yasiyo na kasi. Bati la kuzunguka feni lirudishwe kama limeondolewa, kwa sababu bila hilo feni huzungusha upepo uleule. Kutoa thermostati ili injini ipoe ni desturi isiyofaa: kwenye injini nyingi maji hukimbilia njia ya mkato na rejeta hupitwa.

Gia, difu na magurudumu

Uvutaji kwenye gurudumu unaweza kuongezwa bila injini kuguswa. Lori lililofungwa magurudumu makubwa kuliko ya kiwanda ili liwe refu zaidi mchangani limejipa difu ndefu bila kujua. Kurudi kutoka ukubwa wa 10.00-20 hadi 9.00-20, panapofaa kwa uzito wa lori, hurudisha uvutaji wa asilimia 3 hivi. Difu yenyewe ikibadilishwa, kwa mfano kutoka meno 41 kwa 7 hadi 41 kwa 6, huongeza mvuto kwa karibu asilimia 17 katika gia ileile. Mwendo wa juu hupungua kwa asilimia 14, jambo lisilo na uzito kwa lori ambalo kisheria halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa, na likiwa linavuta huenda chini sana ya hapo.

Ukweli usemwe: difu fupi haiongezi farasi. Kwenye mlima mrefu ambao dereva angeteremsha gia kwa vyovyote, mwendo utakuwa uleule. Faida yake iko kwenye kuanza kuondoka na mzigo mlimani, ambako klachi nyingi hufia, na kwenye kumpa dereva gia iliyo karibu na ile anayoihitaji. Difu ya mitumba kutoka lori la aina hiyohiyo ni ya bei ya kati, wala si kitu cha kubahatisha: meno yahesabiwe kabla ya kulipa.

Kapi ndani ya laga

Sehemu kubwa ya kazi ya brekidauni Turkana haifanyiki juu ya lami. Hufanyika kwenye laga, pale lori lilipoacha barabara likazama kwenye mchanga wa Tarach au Kawalase. Hapo hesabu hubadilika kabisa. Ukinzani wa mchanga laini unaweza kufika asilimia 20 au 30 ya uzito wa gari, na gari la tani 15 lililozama hadi ekseli linataka zaidi ya hapo. Hakuna skrubu ya pampu itakayotoa hiyo.

Kapi hutoa. Kapi ni puli nzito yenye ubavu unaofunguka ili kamba ya chuma ipachikwe bila kuchomolewa. Ikifungwa kwenye gari lililokwama, na ncha ya kamba ikarudishwa kufungwa kwenye brekidauni, winchi ya tani 5 huvuta karibu tani 9 baada ya msuguano kutolewa. Gari husogea kwa nusu ya mwendo, na hakuna anayeharakisha laga. Makapi mawili huzidisha tena. Bei ya kapi moja zuri iko mbali chini ya bei ya tabo, na huduma yake ni grisi tu.

Masharti ni machache lakini hayaruhusu mzaha. Kapi, pingu na mnyororo viwe na alama ya uzito vinavyobeba, na kapi libebe mara mbili ya nguvu ya winchi. Brekidauni yenyewe sasa hushikilia mara mbili, kwa hiyo ifungwe nyuma au iwekewe vizuizi imara. La sivyo itaenda yenyewe kwenye mchanga. Gurudumu la akiba likizikwa kwa kina na mnyororo kupitishwa katikati huwa nanga nzuri mahali pasipo mti. Penye mti, itumike mikanda mipana, si kamba ya chuma inayokata gome, na mwenyewe aulizwe kwanza: miti ya kingo za mito Turkana ina wenyewe kwa desturi ya ekwar, hata kama hakuna ua. Watu wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyooshwa, na blanketi zito au gunia la mchanga liwekwe juu yake, maana kamba ya chuma ikikatika haichagui. Upepo wa magurudumu ya gari lililokwama ukipunguzwa na mchanga wa mbele ya kila gurudumu ukichimbwa, nguvu inayohitajika hushuka sana kabla winchi haijawashwa. Na mawingu yakionekana upande wa milima, kazi isimamishwe na watu watoke: maji ya laga hufika mahali ambapo mvua haikunyesha.

Tabo na skrubu

Baada ya yote hayo, mwenye lori anayetaka farasi zaidi ya zile za kiwanda hana njia nyingine ila hewa zaidi, na hiyo ni tabo. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser haikutoka na tabo, lakini wengi huifunga. OM352 ilikuwa na ndugu yake, OM352A, aliyetoka kiwandani nayo. Tofauti kati ya hao ndugu ndiyo somo lenyewe. Mtengenezaji anapoweka tabo hubadilisha pia vitu vya ndani ya injini vinavyobeba joto na shinikizo, kama pistoni. Injini isiyo na maandalizi hayo hustahimili shinikizo dogo tu, kama nusu ya bar, na 1HZ yenye mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 haitaki zaidi. Mara nyingine injini nzima ya mitumba iliyotoka na tabo huwa rahisi kuliko kuunganisha vipande, mradi namba mpya ya injini iingizwe kwenye kumbukumbu za NTSA. Lori lenye namba isiyolingana na kitabu chake hupata taabu siku ya ukaguzi na siku ya bima.

Tabo huhitaji oili safi, mpira wa kurudisha oili usiopinda, ekzosi pana na filta isiyo na tundu. Vilevile hukandamiza hewa na kuipasha joto. Hewa ya Lodwar ya nyuzi 38 ikikandamizwa kwa bar 0.7 hutoka ikiwa zaidi ya nyuzi 110, na hapo sehemu ya faida hupotea tena isipokuwa kuna intakula ya kuipoza. Dereva naye hupata kazi mpya: baada ya kupanda, injini iachwe ingurume taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuzimwa, ili oili isiungue ndani ya beringi za tabo.

Skrubu ya pampu huja mwisho, na si kwa bisibisi kando ya barabara. Kwenye pampu nyingi skrubu ya kiwango cha dizeli na ile ya kuzuia mzunguko wa injini ziko karibu, na anayezikosea huiachia injini izunguke kupita kipimo chake. Pampu ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, silinda zote zilinganishwe, na nyongeza iwe ndogo. Kabla ya lori kurudi kazini lifungwe kipimajoto kwenye ekzosi. Mafundi wengi wa dizeli hushika nyuzi 650 hadi 700, kabla ya tabo, kama mwisho wa kazi ya kuendelea, na dereva anayeona mshale ukifika hapo huteremsha gia na kupunguza mafuta. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kuliko pistoni moja. Bila hicho, anayeongeza dizeli anapika bila kuona chungu.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye mpira wa dizeli, vidonge vya tangini na visanduku vya taa vinavyoahidi nguvu na akiba ya mafuta, Shirika la Mazingira la Marekani limekagua zaidi ya vifaa 100 vya kuokoa mafuta bila kupata kimoja kinacholeta akiba ya maana. Visanduku vya kielektroniki vya kuongeza nguvu hufanya kazi kwenye injini zenye kompyuta. Pampu ya 1113 haina cha kuongea nacho.

Kushuka Marich

Nguvu yote iliyozungumzwa hapa ni ya kupanda. Tani 24 zikirudi kutoka Kapenguria kushuka Marich, injini iliyoongezwa farasi haizuii zaidi ya ilivyozuia zamani, na breki ni zilezile za lori lililotengenezwa kubeba tani 11. Lori linalovutwa likiwa limezimwa injini, kompresha yake haifanyi kazi na breki zake za upepo hazina upepo. Baadhi ya mafundi hukaza boliti za breki za springi ili magurudumu yazunguke, kisha huondoka. Msafara huo una breki za gari moja kwa uzito wa magari mawili.

Bomba la upepo lenye viungio sahihi, kutoka kwenye brekidauni hadi kwenye lori linalovutwa, huzipa breki hizo uhai tena, na dereva wa mbele huzitumia pamoja na zake. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vingi vilivyotajwa, na mahali pake ni kwenye sanduku la vifaa pamoja na kapi. Kabla ya kuondoka Lodwar au Kakuma, viungio vikazwe, injini iendeshwe hadi geji za upepo zitulie, breki zikanyagwe mara kadhaa na mtu wa pili athibitishe kwamba magurudumu ya gari la nyuma yanashika na kuachia. Mteremko uanzwe kwa gia ileile ambayo lori lingetumia kuupanda, breki ya ekzosi ikiwa inafanya kazi, na ngoma zipimwe kwa kiganja kila msafara unaposimama.